Jiko, uzamivu na cheo: je, usanifu shirikishi unaweza kuwa kazi ya maisha?

*“Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja magharibi mwa Uganda, nafundisha usanifu wa vifaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikienda Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kufanya kazi na kina mama, wengi wao Wakongo, tukitengeneza pamoja jiko linalokula kuni kidogo. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Nataka uzamivu wangu uwe juu ya kazi hii: usanifu shirikishi, yaani kubuni kitu pamoja na watakaokitumia, kwa ajili ya uendelevu. Mkuu wangu wa idara anasema hiyo si taaluma, ni kazi ya NGO, mikutano na soda. Eti nikitaka cheo nibaki maabara nipime joto na moshi. Sijachapisha makala hata moja kuhusu jiko hili, kwa sababu kila tukidhani limekamilika kina mama wanalibadilisha. Sasa nimepata udhamini wa miaka minne Ulaya. Mume wangu ananiunga mkono, lakini watoto bado wadogo. Na kina mama nao wameanza kuuliza: madamu, ukipata hiyo digrii yako, sisi tunapata nini? Niende, nibaki, au nibadilishe njia?”*

Mwalimu mwenzangu, naona hofu yako kubwa si safari. Unaogopa kutumia miaka yako mizuri kwenye kazi ambayo mwishowe itahesabiwa kuwa ya hisani, huku wenzako wa maabara wakipanda vyeo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini imechanganyika na mambo mawili matatu ambayo si kweli, na hayo ndiyo ningependa tuyaondoe kwanza.

Mkuu wako wa idara anasema hii si taaluma. Mwambie habari za Kristen Nygaard. Huyu alikuwa mwanasayansi wa kompyuta wa Norwei. Yeye na Ole-Johan Dahl ndio waliobuni Simula, lugha ya programu iliyozaa mtindo ambao programu nyingi za leo zinaandikwa kwao, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ile kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta. Mtu huyohuyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma cha nchini kwake. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani, waajiri ndio waliokuwa wakiamua zifanye nini, na wafanyakazi walitaka kuzielewa ili wawe na la kusema. Fani unayoitaka ilianzia hapo, mikononi mwa mtu ambaye hakuna anayeweza kusema hakujua hesabu.

Miaka kumi baadaye, kati ya 1981 na 1985, mradi wa UTOPIA ukawaweka watafiti wa Uswidi na Denmaki pamoja na wafanyakazi wa uchapaji wa magazeti. Mashine waliyotaka kuibuni haikuwapo bado, kwa hiyo waliijenga kwa maboksi ya karatasi ngumu na mbao, wakakaa mbele yake na “kufanya kazi” kama vile ipo. Pelle Ehn, mmoja wa watafiti hao, aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1988 kutokana na kazi za namna hii, na baadaye akawa profesa Malmö. Tangu 1990 fani ina mkutano wake wa kimataifa kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2014 mkutano huo ulikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Windhoek. Haukwenda huko kwa bahati. Heike Winschiers-Theophilus, profesa katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Namibia, amefanya kazi kwa miaka mingi na jamii za Waherero vijijini juu ya namna teknolojia inavyoweza kubeba maarifa yao. Ukitaka mfano wa mtu aliyejenga maisha ya kitaaluma kwa kurudi kwa watu walewale, anza na kazi zake.

Hata hivyo mkuu wako ana haki nusu, na usimnyime. Kazi nyingi zinazojiita shirikishi kweli ni mikutano na soda. Watu wanaitwa chini ya mwembe, wanaonyeshwa kitu kilichokwisha kuamuliwa, wanapiga makofi, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanapewa nauli, na ripoti inaandikwa kwamba “jamii ilishirikishwa”. Sherry Arnstein aliliona hili Marekani mwaka 1969, akachora ngazi yenye vipandio vinane, chini kabisa kukiwa na kuwachezea watu akili na juu kabisa wananchi kushika usukani wenyewe. Ukitaka kujua mradi wako umesimama kipandio gani, hesabu ya waliohudhuria haitakusaidia. Tafuta uamuzi mmoja ambao wewe uliutaka na kina mama wakaukataa, na ukabaki umekataliwa. Kama upo, una kitu cha kitaaluma mikononi. Kwa jinsi ulivyoandika, nadhani unayo mengi.

Nifafanue kwa nini ukataaji huo una thamani ya kisayansi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Chukua jiko lako lenyewe. Kipimo cha kawaida cha maabara ni kuchemsha maji: unaweka maji ya kiasi maalumu, unapima kuni zilizoingia, unaangalia muda, unapiga hesabu ya ufanisi. Ni kipimo halali. Kinakuwezesha kulinganisha jiko na jiko bila mkono wa mpishi kuingilia. Ila maji hayasongwi. Mama anayesonga bugali, au posho kama wengi wanavyoiita huku kwetu, wa kulisha watu wanane anashika mwiko kwa mikono miwili, sufuria ameibana kwa kijiti au kwa mguu wenye kitambaa, na nguvu zote za mabega yake zinalisukuma jiko kwa upande, si kwa chini. Jiko jepesi la bati lililopata alama nzuri kwa maji linaanza kuyumba. Akiungua mara moja tu, hatalalamika kwako wala kwa shirika lililomgawia. Atalitumia kwa chai ya asubuhi, na bugali na maharage atayarudisha kwenye mafiga matatu.

Tazama hilo limefanya nini kwa hesabu za uendelevu. Karatasini jiko limepunguza kuni kwa kiasi kikubwa. Nyumbani, chakula kinachokula kuni nyingi kuliko vyote kimebaki palepale kilipokuwa. Watu wa nishati wanalijua jambo hili, ndiyo maana juu ya kipimo cha maji wana kipimo cha pili cha kupika chakula halisi, na cha tatu cha kupima kuni zinazotumika jikoni mwa mtu kwa siku kadhaa, mafiga yakiwa yapo. Ukitaka kumtuliza mkuu wako, usiikimbie maabara. Fanya vipimo vyote vitatu, kisha onyesha pengo kati ya cha kwanza na cha tatu. Maelezo ya pengo hilo yako kwa kina mama, na mtu wa maabara peke yake hawezi kuyapata.

Wala dodoso haliwezi. Mwulize mama anataka jiko la namna gani, atakujibu: lisilo na moshi, lisilokula kuni, la bei nafuu. Ni kweli tupu na haikusaidii chochote. Mpe jiko la mfano la udongo mbichi, mwambie asonge, na uwe karibu. Utamwona anasogeza miguu ya jiko nje, anainua ukingo mmoja, anaondoa kile kimlango ulichokipenda sana kwa sababu kinamzuia kusukuma ukuni mrefu. Ujuzi huo umo mkononi, na hutoka pale mkono unapopewa kitu cha kushika. Wachapaji wa Uswidi na maboksi yao walifanya jambo hilohilo.

Kwa hiyo unaposema huna makala kwa sababu kina mama hawaishi kulibadilisha jiko, umeligeuza jambo kichwa chini. Mabadiliko hayo ndiyo matokeo yako. Unachokosa, nashuku, ni daftari la maamuzi. Anza leo. Kila toleo la jiko lipewe namba, picha, vipimo, tarehe, nani alipendekeza badiliko, nani alilipinga, sababu walizotoa kwa maneno yao wenyewe, na nini kilichopimwa kabla na baada. Andika hata mapendekezo yaliyokufa. Bila daftari hilo una jiko zuri na kumbukumbu za kusimulia. Ukiwa nalo unaweza kutoa makala ya kiufundi kuhusu uthabiti na matumizi ya kuni kwenda jarida la nishati, makala ya mbinu kwenda jarida kama CoDesign au kwenye ule mkutano wa kila miaka miwili, na hata andiko fupi la sera. Kuna pia AfriCHI, mkutano wa Waafrika wa uhusiano wa watu na teknolojia, ulioanza Nairobi mwaka 2016. Kwa mtu anayeanza, ni mlango mzuri kuliko kusubiri jarida kubwa likukatalie kwa mwaka mzima. Epuka majarida yanayokuandikia barua pepe za kukusifu na kudai ada kabla hayajakusoma. Kamati za vyeo siku hizi zinayatambua.

Kuhusu cheo, acha nikuambie wazi. Vyuo vyetu vingi huhesabu uzamivu na makala zilizohakikiwa. Saa ulizokaa Isingiro hazina safu yake kwenye fomu. Kazi yako itakwenda polepole kuliko ya mwenzako wa maabara, na hilo halitabadilika kwa sababu umeichagua kwa moyo. Kuna jambo la pili ambalo watu hawalisemi mapema: tangu serikali ilipoanza kuwaongezea mishahara wahadhiri wa sayansi kuwazidi wa sanaa na sayansi za jamii, mahali unaposajiliwa pana athari mfukoni. Usanifu shirikishi unaweza kukaa chini ya uhandisi, sanaa au maendeleo ya jamii. Kabla hujajaza fomu, uulize ofisi ya utumishi, kwa maandishi, shahada ya jina hilo itahesabiwa upande gani. Nimeona watu wazima wakigombana na chuo kwa miaka kwa sababu ya neno moja kwenye cheti.

NGO nazo zitakuita, na malipo yao ya siku yatakuvutia. Chukua kazi hizo ukizihitaji, hakuna aibu, watoto wanakula. Ila soma mkataba: mara nyingi data na ripoti ni mali ya mteja. Kama hukujadili haki ya kuchapisha mwanzoni, umeuza shamba pamoja na mbegu.

Sasa Ulaya. Kuna dhana kwamba bila kwenda huko fani hii haiwezekani. Si kweli. Utapata maktaba, muda wa kusoma bila kusahihisha mitihani ya wanafunzi mia, na wasimamizi waliobobea. Utakachopoteza ukikaa miaka minne mfululizo ni kitu ambacho tasnifu yako inasimama juu yake. Nakivale ni makazi ya zamani, lakini watu wake wanahama: wengine wanapelekwa kuishi nchi ya tatu, wengine wanarudi kwao, wengine wameingia jana. Ukirudi baada ya miaka minne utawakuta wangapi kati ya wale waliokataa kimlango chako?

Ningekuwa mimi, nisingeikataa nafasi wala kuikubali kama ilivyo. Ningewaandikia wadhamini nikaomba muda ugawanywe: miezi ya mwanzo huko kwa masomo na kuandaa mbinu, kisha uwandani huku, kisha kurudi kuandika. Mipango ya aina hii si ajabu. Ushirikiano wa utafiti kati ya Makerere na Sida, shirika la maendeleo la Uswidi, ulioanza mwaka 2000, umewasomesha Waganda wengi kwa mtindo huo, na Jumuiya ya Madola ina udhamini wa uzamivu unaogawanywa kati ya chuo cha nyumbani na cha Uingereza. Wadhamini wakisisitiza ukae kwao muda wote, basi ni wazi wanataka tasnifu nyingine, labda ya nadharia. Hapo una haki ya kuichukua na kubadilisha mada kwa uaminifu, au kuiacha na kujisajili nyumbani ukitafuta fedha za ndani; Makerere, kwa mfano, ina mfuko wa utafiti na ubunifu unaotokana na fedha za serikali tangu 2019. Kitu ambacho nisingekushauri ni kuahidi kazi ya Nakivale ukiwa umekaa kwenye theluji na kuwatumia watu dodoso kwa WhatsApp.

Watoto na mume si mambo ya pembeni. Kaeni chini mzungumze kwa miezi, si kwa miaka: nani atakuwa wapi, lini. Mpango uliogawanywa unawafaa wao pia.

Limebaki swali la kina mama, ambalo kwangu ndilo zito kuliko lako. Wale wafanyakazi wa Norwei walikuwa na chama. Walikuwa na uwezo wa kugoma, na mtafiti alikuja akiwa upande wao. Mama wa Nakivale hana chama cha kumtetea mbele yako. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, kila mgeni mwenye daftari alionekana kama mlango unaoweza kufunguka. “Ndiyo” yake kwako si sawa na “ndiyo” ya mchapaji wa Stockholm, na tasnifu isiyolisema hilo waziwazi ni dhaifu hata ikiwa na picha nzuri.

Basi wajibu ukweli. Digrii itakuwa yangu, na itanisaidia zaidi kuliko ninyi. Ninachoweza kuahidi ni hiki: mtalipwa muda wenu na nauli kwa kiwango kilichoandikwa, michoro na majiko ya mfano yatabaki kwenu, fundi wa hapahapa atafundishwa kulitengeneza, na tutaamua pamoja lini kazi inakwisha. Usiahidi soko, usiahidi kuwapeleka popote. Waulize pia kama wanataka majina yao yaonekane. Kamati za maadili hupenda kila mtu afichwe, na kwa mkimbizi mara nyingi ni busara. Lakini mama aliyebuni mguu wa jiko anaweza kutaka ajulikane, na kumficha bila kumwuliza ni kumnyang’anya.

Na uwatazame wasiokuwepo. Kuni zinazopikia Nakivale zinatoka pia kwenye maeneo ya wenyeji wa Isingiro, na ugomvi wa kuni kati ya wenyeji na wakimbizi unajulikana. Kuna wauza kuni na mkaa ambao jiko lako likifaulu litawapunguzia kipato. Kuna waume wanaoshika pesa ya kununulia jiko. Ukiwaacha nje, watakuja baadaye kuamua bila wewe. Huna haja ya kuwaweka wote chumba kimoja. Muuza mkaa hatasema kweli mbele ya mteja wake. Kaa nao mbalimbali.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, na hayo nenda mwenyewe kwa miguu yako. La haraka kuliko yote ni kibali. Utafiti unaohusu watu Uganda unapita kwanza kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha unasajiliwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwa makazi ya wakimbizi unahitaji pia ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama kazi uliyofanya mpaka sasa ilikuwa ya ujirani mwema tu, bila kibali cha utafiti, usiidhanie kuwa data ya uzamivu. Kwa kawaida kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma. Mwone katibu wa kamati, mweleze kila kitu bila kuficha, akuambie kipi unaweza kukitaja kama historia ya mradi na kipi lazima kikusanywe upya.

Kabla ya kuonyesha jiko kwenye maonyesho au kulichapisha, pitia ofisi ya chuo inayoshughulikia haki za ubunifu, au URSB, ofisi ya serikali ya usajili iliyoko Kampala, uulize juu ya kusajili umbo lake chini ya Sheria ya Mali za Viwandani ya 2014, na hasa nani ataandikwa kuwa mbunifu. Ukiandikwa peke yako, umeshajibu swali la kina mama kwa njia mbaya. Na mkataba wa likizo ya masomo, ule unaokufunga kurudi kutumikia chuo, usiusaini mezani pa ofisa. Uende nao nyumbani, mpe mwanasheria au mtu wa chama chenu cha wahadhiri ausome.

Msimamizi unayepewa huko Ulaya, omba kuzungumza naye kwa video kabla ya kusaini chochote. Usimwulize kama anaupenda mradi wako, atasema anaupenda. Mwulize mwanafunzi wake wa mwisho aliyefanya kazi na jamii alikaa uwandani muda gani, nani alilipia, na toleo la kwanza la kazi yake lilibadilishwa na nani.